Cherehani ya Romani

Mapenzi hayana adabu. Humkuta mtu popote yanapotaka, hata ndani ya darasa la kuazima pale Chang'ombe, saa tisa alasiri, magoti yamebanwa na dawati la mtoto wa darasa la pili na ubao mzima umejaa Kihispania. Hapo ndipo yalipomkuta Bernadeta miezi michache nyuma, na hapo hapo, Jumamosi ile, yalitaka kumuumbua.

Walikuwa wanafunzi saba, watu wazima wenye kazi zao, wote wakijiandaa kwenda Kuba kusoma. Nassibu, bwana shamba, alikuwa anakwenda kujifunza mambo ya miwa. Bernadeta alikuwa muuguzi, naye alikuwa anakwenda kusomea kazi ya chumba cha upasuaji, miaka mitatu mizima. Ndege yao ilikuwa Alhamisi. Mwalimu wao Leodegar, kijana wa Kihaya mrefu aliyewahi kuishi huko na ambaye sasa alikuwa mkalimani wa madaktari wa Kikuba, alibakiwa na somo moja tu la kuwafundisha, na ndilo lililowatoa jasho.

"Wenzetu hawa wana nyakati mbili zilizopita," alisema, chaki mkononi. "Ya kwanza ni ya jambo lililofungwa mlango. Lilitokea, likaisha, ufunguo uko mfukoni. Ya pili ni ya jambo ambalo mlango wake umeuacha wazi. Lilikuwa likiendelea, lilikuwa mazoea, na liliisha lini, husemi. Hata sie tunasema nililima na nilikuwa nalima, ila sie hatugombani kwa hilo. Wao wanagombana."

"Sasa mtu atajuaje achague ipi?" Nassibu aliuliza.

"Hakuna wa kukuchagulia. Mwenye jambo ndiye anayejua kama mlango umefungwa. Haya, tupe mfano."

"Baiskeli yangu iliibwa."

"Vizuri. Imefungwa?"

"Kwetu Manzese, mwalimu? Baiskeli inaibwaga, inarudi, inaibwaga tena. Mlango wenyewe hauna hata kitasa."

Darasa likaangua kicheko, hata Leodegar akajifuta machozi. Kisha akaandika ubaoni neno la Kihispania la kungoja, akamgeukia Bernadeta kwa yale macho yake ya upole ambayo wanafunzi wote walikuwa wameshayajua na kujifanya hawayajui. "Bernadeta. Mtu uliyemngoja."

Bernadeta akasimama. Laiti angefikiri kidogo angetaja daktari, au zamu ya usiku, au foleni ya sukari. Lakini lugha ya kigeni ina ujanja wake: mtu husema ndani yake yale ambayo kwa lugha ya mama angeyameza. "Esperaba a mi novio en la estación," akasema, sauti yake safi kabisa. Nilikuwa nikimngoja mchumba wangu stesheni.

Chaki ya Leodegar ikasimama hewani. Ni Jumapili iliyopita tu posa yake ilipopelekwa nyumbani kwa kina Bernadeta, Temeke, na yeye hajawahi kumngojesha binti wa watu katika stesheni yoyote.

"Sentensi ni sahihi," alisema taratibu. "Umechagua mlango wazi. Kwa nini?"

"Sijui, mwalimu. Ndiyo iliyokuja."

"Ulimngoja mpaka lini?"

Bernadeta alijua neno la lini, alijua miezi yote na siku zote za juma kwa Kihispania, lakini jibu lenyewe hakuwa nalo kwa lugha yoyote.

"Jamani," Nassibu akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "mwalimu anafundisha au anapeleleza?"

Safari hii hakucheka mtu.

Baada ya darasa Leodegar hakumngoja kama desturi. Bernadeta alimfukuzia barabarani, kitabu kikimpigapiga nyonga, akamkuta karibu na viwanda ambako wafanyakazi wa zamu ya mchana walikuwa wanamiminika.

"Unakimbia nini?"

"Sikimbii. Natembea."

"Basi tembea na mimi."

Wakatembea. Wakapita genge la mihogo, wakapita fundi wa viatu, hawajasema neno. Leodegar ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Huyo wa stesheni ni nani?"

"Anaitwa Romani."

"Mchumba wako."

"Alikuwa."

"Alikuwa, au yuko?"

"Usinifanyie darasa njiani, Leodegar."

"Mie nakuuliza kama mwanamume aliyeposa. Au hilo nalo nimekosea?"

Bernadeta akavuta pumzi. "Ni mtu wa kwetu Masasi. Tulikuwa majirani hapo Temeke. Akaniposa, kisha akaenda kufanya kazi ya reli, reli ilipoisha akavuka Zambia kutafuta kazi migodini. Salamu zilikuja mara mbili. Halafu kimya. Kila treni ya abiria ilipokuwa ikiingia nilikuwa natafuta sababu ya kupita stesheni. Mara nimetumwa mchicha, mara nimemsindikiza mgonjwa. Mama alikuwa anajua, wala hakusema kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Hakuniacha, nami sikumwacha. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyetukana mtu. Kulikuwa na wakati namngoja, na sasa nipo hapa na wewe, na katikati pale sijui pana nini. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia kwenye jina," Leodegar akasema, na uchungu uliokuwa kwenye sauti yake ulimchoma Bernadeta kuliko kama angefoka. "Mie nimemvalisha binamu yangu Gozbert koti la suti kwenye jua la Temeke, nikamtuma kwa baba yako akaseme maneno yote mazuri anayoyajua. Kumbe namtuma kuposa mke wa mtu!"

"Mie si mke wa mtu! Na huyo Gozbert wako ndiye aliyeharibu kila kitu."

"Gozbert kaharibu nini? Mzee alimpokea. Akampa kiti chenye mto. Akamsifu mpaka kwenye tai."

"Ndiyo. Na hapo kwa baba ndipo alipoharibu." Bernadeta akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Kwetu sie binti haposwi kwa baba. Anaposwa kwa mjomba. Mjomba ndiye mwenye neno, baba ni mgeni wa heshima. Mmekuja nyumbani kwetu mkamruka mjomba Fakihi kama jiwe la njiani."

"Sasa mbona mzee hakusema?"

"Alifurahi. Tangu anizae hajawahi kuulizwa neno juu yangu. Unadhani angekatisha raha ile?"

Leodegar, pamoja na hasira zake, akacheka. Bernadeta naye akacheka, na kwa kitambo kidogo wakawa wale wale wa siku zote, wawili wanaochekea vitu vidogo barabarani. Kisha Bernadeta akasema lililobaki, maana lilikuwa halisemeki kesho.

"Mjomba kasikia. Yuko nyumbani sasa hivi, ananingoja. Na posa ya Romani, yeye ndiye aliyeipokea. Mpaka leo haijarudishwa. Iko nyumbani, Leodegar. Umeiona. Ni ile cherehani ya mama."

Basi kicheko kikaisha. Leodegar aliiona cherehani ile mara nyingi, ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Alikuwa ameisifu.

"Nakwenda na wewe," alisema.

"Hairuhusiwi. Mwenye posa hasemi na wazee."

"Sitasema. Nitakaa barazani."

Nyumba ya kina Bernadeta ilikuwa ya vyumba vitatu na ua wa makuti, na cherehani ilisikika kabla ya nyumba kuonekana. Mama yake, Mama Adelina, alikuwa ameinamia kitambaa cha buluu kilichopatikana kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Lilikuwa gauni la safari la Bernadeta. Mkono mmoja ulikuwa tayari, wa pili ulikuwa bado. Kwenye kona, baba yake, Mzee Marselino, alikuwa anachonga kitana na kujitahidi asionekane. Katikati ya sebule, kwenye kile kiti chenye mto, alikaa mjomba Fakihi, kofia kichwani, fimbo magotini. Yeye na Mama Adelina walikuwa tumbo moja. Yeye alibaki Mwislamu, dada yake akabatizwa alipoolewa, na kwao kusini jambo hilo halikumkosesha mtu usingizi. La kurukwa katika posa ndilo lililomkosesha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa." Mjomba akatupa jicho mlangoni, ambako Leodegar alikuwa amejikunyata kwenye benchi la barazani, hatua chache tu kutoka alipokaa yeye. "Adelina, mwambie mgeni yule karibu. Kisha mwambie kwamba simwoni."

Mama Adelina akaacha kuzungusha mashine, akainua sauti. "Mjomba anasema karibu. Na hakuoni."

"Mwambie shikamoo," Leodegar akajibu kutoka nje. "Na mwambie naomba radhi sana. Mshenga wangu hakujua. Kwetu Bukoba baba wa binti ndiye mkuu wa nyumba na ndiye—"

"Anaamkia, na anaomba radhi," Mama Adelina akasema.

"Mama, umeacha nusu."

"Ile nusu ya Bukoba ingekuponza, baba."

Miaka yote mkalimani yule alikuwa anawasemea wengine. Leo kasemewa, na maneno yake yakakatwa palipokuwa patamu. Bernadeta angecheka kama moyo wake ungetulia. Alijikuta anakunja na kukunjua upindo wa kanga yake.

"Mie nilidhani kijana wa watu kapotea njia tu," Mzee Marselino akajitetea kutoka konani. "Nikamwonea huruma."

"Shemeji, wewe chonga kitana," mjomba akamwambia bila ubaya. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa kazi. "Sikilizeni. Posa mbili hazikai nyumba moja. Ya Romani niliipokea mie, kwa mikono hii, mbele ya mashahidi. Ile pale, inashona. Haijarudi, na isiporudi, Romani bado anaposa, awe Zambia, awe mwezini. Nikipokea nyingine juu ya ile nitakuwa mwizi."

"Kaka, mtu katokomea miaka na miaka!" Mama Adelina akasema. "Na mashine hii ndiyo inayotushonea. Kaptula za watoto wa mtaa mzima zimetoka hapa."

"Kwa hiyo unataka kijana huyu apokelewe?"

"Wala sijasema hivyo!" Mama akakamata gurudumu la cherehani kama anayeogopa litakimbia. "Mie namtaka Romani. Mtoto wa kwetu, namjua mama yake, namjua bibi yake. Huyu atanipelekea mwanangu Bukoba akale panzi wao wale, senene."

"Senene watamu, mama," sauti ikatoka barazani.

"Hilo umejisemea, au nimfikishie mjomba?"

Mjomba Fakihi akagonga fimbo sakafuni, pakatulia. Akamgeukia Bernadeta. Hakuwa mtu mbaya. Alimbeba mgongoni alipokuwa na surua, na ndiye aliyemlipia nauli ya kwenda shule ya uuguzi.

"Mwanangu, haya yote si ya mashine. Mashine ni chuma. Useme wewe, kwa mdomo wako, kila mtu asikie na asiyeonekana naye asikie. Romani unamngoja?"

Swali lilikuwa lile lile la darasani, ila sasa halikuwa na ubao. Bernadeta alitazama mikono yake. Nje, benchi lililia kidogo, kisha likanyamaza.

"Nilikuwa namngoja, mjomba. Usidhani nilicheza. Nilikuwa nikisikia honi ya treni natoka kitandani kabla miguu haijajua. Nilikuwa najua saa ya treni kuliko saa ya kazi. Wengine wanashuka na magodoro, na kuku, na watoto, mie natazama nyuso tu. Nikirudi, mama ananipa chakula, haniulizi. Ndivyo ilivyokuwa."

"Mpaka lini?"

Alifumba macho, akatafuta. Na safari hii, ajabu, akaiona. Ilikuwa siku ndogo kabisa, ndiyo maana ilimpita.

"Mpaka siku ile ya mvua kubwa, mwezi wa nne. Nilirudi nyumbani nimelowa, nacheka peke yangu. Mama ukaniambia, 'Leo treni imeingia imechelewa, watu wamenyeshewa stesheni.' Nikasimama hapo mlangoni. Sikuisikia, mama. Honi ililia na mie nilikuwa darasani, na dirisha lilikuwa wazi, sikuisikia. Nilikuwa..." Akafumbua macho. "Nilikuwa namsikiliza mtu mwingine. Tangu siku hiyo sijaenda tena. Nilidhani bado naendelea kumngoja kwa sababu hakuna aliyeniambia acha. Lakini niliacha siku ile. Iliisha siku ile."

Mama Adelina alikuwa anamtazama kwa macho yaliyojaa, maana naye aliikumbuka mvua ile. Barazani mtu alipenga kamasi.

"Basi," mjomba Fakihi akasema kwa sauti ya chini. "Umesema. Kishika uchumba kirudi kwao. Kesho nitatafuta wa kukibeba mpaka Kurasini kwa mama yake mdogo."

"Nitaibeba mie. Leo."

"Binti kujirudishia kishika mwenyewe? Hilo halijawahi kufanyika."

"Mjomba, kesho naweza kukosa moyo. Leo ninao."

Mjomba akasimama. "Twende. Mie mbele, wewe nyuma. Na asiyeonekana asiiguse hata kwa kidole, ama sivyo watu watasema kaja kuisukuma."

"Kaka! Gauni lina mkono mmoja!" Mama Adelina akalia.

"Utamalizia na sindano, dada yangu."

Mama alibisha kidogo zaidi, kwa ajili ya heshima. Kisha akaunyanyua mguu wa cherehani, akatoa kitambaa cha buluu, akakata uzi. Akaifuta mashine yote kwa upindo wa kanga, kila ua la dhahabu, akatia tone la mafuta palipohitaji, asije akasemwa kwamba alirudisha kitu cha watu kikiwa kikavu. Akaifunika na kifuniko chake cha mbao, akamkunjia binti yake kata ya kichwani, akamtwisha kwa mikono yake mwenyewe.

Ni mwendo kutoka Temeke mpaka Kurasini, na cherehani si debe la maji. Mjomba alitangulia na fimbo yake. Bernadeta alimfuata, shingo wima, macho mbele, na bila kukusudia hatua zake zikaanza kusema lile neno la ubaoni, wakati mmoja mguu wa kulia, wakati wa pili mguu wa kushoto. Nyuma, mbali kiasi cha kutoonekana, alikuja Leodegar. Bernadeta aliweza kukisikia kiatu chake kimoja kilivyokuwa kinaburura. Shingo ilimuuma, jasho likamwingia machoni, na kila alipopunguza mwendo, kiatu kile nacho kilipunguza, kisichoweza kusaidia wala kuondoka.

Bi Mauwa, mama mdogo wa Romani, alikuwa akiishi nyumba ya nyuma ya barabara ya bandarini, mahali ambapo malori husimama. Walimkuta anakaanga vitumbua vya makuli. Alipoiona cherehani alisimama na kijiti chake mkononi, mafuta yakidondoka.

"Hodi mwenyeji," mjomba Fakihi akaanza kwa sauti ya kazi. "Tumekuja na kitu chenu. Tulikipokea kwa heshima, tunakirudisha kwa heshima."

"Leo?" Bi Mauwa akasema. "Fakihi, mmekuja leo?"

"Kuna nini na leo?"

"Romani anakuja." Bi Mauwa akamgeukia Bernadeta. "Dereva wa lori kaniletea salamu juzi. Krismasi yuko hapa. Nilikuwa nimalize vitumbua vya leo, kesho nivae nije kwenu na habari njema."

Dunia ikamzunguka Bernadeta, na kwa kuwa kichwani palikuwa na chuma, hakuweza hata kuinama.

"Mbona alinyamaza, mama?"

"Aliona haya. Mgodi ulimtupa, akaanza upya kwa kuuza mkaa. Hakutaka kutuma salamu tupu. Mwanangu ni mjinga, lakini si mwongo. Sasa kasema mwambieni Bernadeta nimejenga, vyumba viwili, bati juu. Na kauliza," sauti ya Bi Mauwa ikapasuka, "kauliza kama bado unapita stesheni. Watu wa reli walikuwa wakimwambia. Kasema hilo ndilo lililomshikilia."

Mjomba Fakihi akamsogelea mpwa wake, akasema taratibu, "Kishika hakijagusa ardhi. Ukigeuka nacho sasa hivi, ni kama hatukuja. Hakuna atakayekulaumu."

Bernadeta alisimama na mzigo. Ng'ambo ya barabara, kati ya malori mawili, Leodegar alikuwa amewapa mgongo, mikono mfukoni, anasoma namba za gari kwa bidii ya mtu asiyeona hata moja. Hakusikia kitu. Hakujua kwamba alikuwa karibu kumpoteza.

Bernadeta alimkumbuka Romani. Alimkumbuka alivyokuwa akicheka kwa mabega, alivyoileta mashine hii kwa mkokoteni, amejipaka mafuta mpaka masikioni. Alimwona gizani anauza mkaa na kujifariji na msichana aliyekuwa anapita stesheni. Huruma ikamjaa kifuani mpaka ikamuuma. Akatafuta chini ya huruma ile, akatafuta ule moyo uliokuwa ukiruka kitandani kabla ya miguu. Alitafuta kwa haki, hakujipendelea. Haukuwapo. Na jambo la kumhuzunisha ni kwamba hata hakusikia unaondoka.

"Nitue, mama," akasema.

Bi Mauwa hakusogea. Mzigo wa kichwani hautuliki peke yake, unahitaji mikono ya mwingine, na yule mama alijua kwamba mikono yake ikiinuka imekubali. Vitumbua vilianza kuungua. Kuli mmoja akaita kutoka nje, hakuitikiwa.

"Shingo inaniuma, mama. Nitue."

Ndipo Bi Mauwa akatupa kile kijiti, akanyanyua mikono, akashika upande wake. Wakaiteremsha pamoja, taratibu, mpaka ikakaa sakafuni.

"Mwambie nilimngoja," Bernadeta akasema, na sasa machozi yalikuwa yanatoka bila kuombwa ruhusa. "Asije akadhani sikumngoja, akachukia. Nilimngoja vizuri. Kisha ikaisha. Hakuna aliyeniiba."

"Ungekuja na uongo ningekulaani," Bi Mauwa akasema. Akachota vitumbua vichache, vile visivyoungua, akavifunga kwenye gazeti, akamtia mkononi. "Nenda, mwanangu. Nenda kabla sijabadilika."

Bernadeta akatoka, akavuka barabara. Kichwa kilikuwa chepesi mpaka akaona anayumba. Leodegar aligeuka, akayaona machozi, akaganda.

"Wamesemaje?"

Angeweza kusema wamepokea, basi. Ingekuwa kweli, na ingetosha. Lakini alikuwa amechoka kubeba.

"Romani anarudi Krismasi. Amenijengea nyumba."

Leodegar akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyehukumiwa kwa haki. "Basi nimeelewa. Nita... nitamwambia Gozbert."

"Mwambie nini? Mbona unasikia nusu, na wewe mkalimani?" Akamtwika vile vitumbua mikononi. "Nimeambiwa haya mashine ikiwa bado kichwani. Niangalie kichwani. Kuna nini?"

Alimwangalia. Palikuwa na kata tu, imebonyea, imelowa jasho. Alitaka kuishika, akakumbuka kwamba mjomba anakuja nyuma yao na kwamba yeye bado haonekani, akairudisha mikono yake kwenye vitumbua. Lakini macho yake hayakukatazwa, na Bernadeta aliyaacha yaseme yote. Alhamisi ilikuwa inakuja, miaka mitatu ilikuwa inakuja, na mama yake alikuwa nyumbani anashona mkono wa pili kwa sindano.

"Mtume Gozbert kesho asubuhi," akamwambia. "Avae koti lake. Na safari hii asianze kwa baba."